Mvinyo wa Bugufi (2): Kijiji Kilichojificha Migombani

Juma lililopita tuliishia Rusumo, pale Ruvubu inapokutana na Nyabarongo ukazaliwa mto Kagera. Leo tunapanda milimani, upande wa Bugufi, kati ya Ngara mjini na Kabanga.

Mgeni akifika huku mara ya kwanza huuliza kijiji kiko wapi, kumbe yuko ndani yake tayari. Hakuna safu ya nyumba wala uwanja wa katikati. Kila kaya imejenga ndani ya migomba yake, na migomba ya huyu imegusana na ya yule, hata ukitaka kujua kama kuna jirani, tazama moshi. Majani yale mapana humeza sauti. Niliposimamisha pikipiki nilisikia njiwa, mtoto aliyekohoa mahali nisipopaona, na kitu kikidondoka tone kwa tone.

Wengi wetu jina la Ngara tulilipata redioni mwaka 1994, pale watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikawa mji wa maturubai. Ndiyo maana utulivu huu unamshangaza mtu wa rika langu.

Kile kilichokuwa kikidondoka kilikuwa juisi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja siku nzuri, leo tunakamua.”

Mzee alinipeleka kwanza nyuma ya nyumba, kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba. Mikungu ya ndizi za pombe hupangwa humo, hufunikwa kwa majani na udongo, na moto mdogo huwashwa pembeni. Baada ya siku nne au tano zimeiva zote kwa pamoja. Wanaoishi sehemu za baridi zaidi huziweka darini juu ya jiko, kazi ni ile ile. Kama sehemu ya tano ya nyama ya ndizi mbichi ni wanga, na hamira haili wanga, inataka sukari. Ndizi ikiiva hujigeuza yenyewe, na joto pamoja na gesi ya ethilini ambayo ndizi hutoa huharakisha mambo shimoni. Mtengeneza bia ya nafaka huhangaika kuotesha kimea ili apate sukari. Mzee huyu anasubiri tu.

Kisha mtumbwi. Ni gogo lililochongwa kama la kuvulia samaki, limekuwa jeusi kwa umri. Ndizi zilizomenywa zilimwagwa humo na vijana wawili wakaanza kukanda kwa mikono (Buhaya nimeona wakikanyaga kwa miguu). Mwanzoni ni uji mzito tu, haitoki hata tone. Ndipo mama mwenye nyumba akatupia mafungu ya nyasi ngumu. Nilidhani ni za kuchujia. Sivyo: nyasi hukandwa pamoja na ndizi, nyuzi zake hushikamana na ute, na juisi huachia. Katika dakika chache ule uji uligeuka sifongo la kijani na chini yake ikasimama juisi safi ya rangi ya asali. Majirani zetu wa Burundi na Rwanda huiita umutobe, Wahaya omulamba. Ni tamu mno, na watoto walikuwa wameshajipanga na vikombe.

Iliyobaki hutiwa maji kiasi, halafu unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba. Hakuna anayenunua hamira dukani. Hamira ya porini imo kwenye maganda, kwenye mtumbwi usioguswa na sabuni, na kwenye unga wenyewe. Kesho yake povu limepanda, na keshokutwa ni rubisi.

Kamusi zetu huiita rubisi pombe ya ndizi, na serikali huiweka kwenye fungu la pombe za kienyeji. Mimi nina ugomvi mdogo na hilo. Kinywaji cha juisi ya tunda iliyochacha, sehemu nyingi duniani, ni mvinyo. Lakini neno hilo, tulilolipata kwa Wareno, tumeziachia zabibu za Dodoma. Atakayenipinga atataja mtama, nami nitamkubalia nusu. Sheria ya Kanisa Katoliki haina nusu: divai ya misa lazima itokane na mzabibu. Kwa hiyo parokia zilizozungukwa na migomba ya pombe pande zote huagiza divai kutoka mbali.

Tulipokuwa tukirudi, mzee alisimama chini ya mgomba, akachukua kijiti chenye panda na kulivunja ua dume, lile jekundu linaloning’inia chini ya mkungu. Panga lilikuwa kiunoni mwake na hakuligusa. Tangu mnyauko bakteria ulipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 2006, miaka mitano baada ya Uganda, wakulima wamefundishwa hivyo. Nyuki na wadudu wengine hufuata utomvu wa ua hilo na kuhamisha bakteria. Panga huhamisha vibaya zaidi, likitoka mgomba mgonjwa kwenda mzima bila kupitishwa motoni. Baadhi ya aina za ndizi za pombe hushambuliwa sana kwa njia ya ua, na mikungu yake husafirishwa sana sokoni. Ukikata ndizi ya mgomba mgonjwa utakuta nyama ina kahawia, na shina linatoa usaha wa manjano. Shimoni kwa mzee nilikuwa nimeona chane chache zimetupwa pembeni. Sikuuliza, sasa nikaelewa.

Nilipoaga nilipewa rubisi kwenye chupa ya maji. Mama alisema nisikaze kifuniko. Kiwanda cha mvinyo wa ndizi huchuja na kupasha moto ili hamira ife. Hii ya kijijini bado iko hai, inaendelea kutoa gesi, na baada ya siku chache bakteria wengine huigeuza siki. Nilikuwa nimejua hayo yote kwa miaka. Nilikaza. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea Benaco, kifuniko kiliruka hadi kwenye dari, na abiria wa kiti cha mbele, shati limelowa mgongo mzima, akageuka akauliza kama imebaki.