MSOMAJI, MNUNUZI NA MBOFYAJI: HESABU YA HADHIRA NA MATANGAZO YA BIASHARA KATIKA MAGAZETI YA KISWAHILI

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa la wahasibu tu: ni nani anayehesabiwa kuwa msomaji wa gazeti, na hesabu hiyo humnufaisha nani? Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kulitazama gazeti kama hazina ya msamiati, uwanja wa ushairi na kioo cha siasa. Mitazamo hiyo ni halali. Hata hivyo, gazeti huendelea kuwapo, au hufa, kwa sababu ya fedha, na sehemu ya fedha hizo hutokana na matangazo ya biashara. Kwa hiyo, mtu anayetaka kueleza kwa nini gazeti fulani la Kiswahili limedumu na jingine limetoweka hana budi kuufuatilia uhusiano wa pande tatu, yaani baina ya gazeti, msomaji na mwenye tangazo. Mifano yetu mingi imetoka Tanzania na Kenya.

Tuanze na istilahi. Kiswahili hutumia neno tangazo kwa taarifa ya msiba, amri ya serikali na sifa za sabuni bila kubagua. Aidha, mtangazaji katika matumizi ya kawaida ni yule asomaye habari redioni, wala si mfanyabiashara aliyelipia nafasi gazetini. Huyu wa pili hana jina lake mwenyewe lililokubalika. Katika makala haya tutamwita mwenye tangazo.

2.0 Bidhaa inayouzwa mara mbili

Gazeti huuzwa mara mbili. Kwanza huuzwa kwa msomaji, kwa bei ambayo aghalabu haitoshelezi gharama za karatasi, wino, mishahara na usafirishaji. Kisha msomaji huyo huyo huuzwa kwa mwenye tangazo. Dallas Smythe, katika makala yake ya mwaka 1977 yaliyozusha mjadala mkali miongoni mwa wana-Marx, alidai kuwa bidhaa hasa ya vyombo vya habari vya kibiashara si habari bali ni hadhira: habari ni chambo tu cha kuwakusanya watu ili umakini wao uuzwe. Dai hilo limetiwa chumvi kiasi, kwani msomaji wa gazeti hulipa kutoka mfukoni mwake na anaweza kususa. Lakini lina ukweli mmoja usiokwepeka: thamani ya msomaji machoni pa mwenye tangazo hutegemea kile anachoweza kununua, wala si bidii yake ya kusoma.

Biashara ya namna hii huhitaji mizani. Nchini Marekani wenye matangazo, mawakala wao na wachapishaji waliunda shirika la Audit Bureau of Circulations mwaka 1914 ili nakala zinazodaiwa kuuzwa zihakikiwe na mtu asiye na maslahi. Kabla ya hapo kila mwenye gazeti alijitajia idadi aipendayo. Hata hivyo, mizani hiyo ilipima nakala, haikupima wasomaji. Ili kumpata msomaji, nakala huzidishwa kwa makadirio ya idadi ya watu wanaoisoma nakala moja. Makadirio hayo ndiyo kiini cha tatizo katika mazingira ya Afrika Mashariki.

3.0 Nakala moja, macho mengi

Magazeti ya mwanzo ya Kiswahili hayakumuuza msomaji wao kwa mtu. Msimulizi, lililoanza Zanzibar mwaka 1888, lilikuwa la wamisionari wa UMCA. Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904, lilikuwa chini ya serikali ya Wajerumani. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitolewa na idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika. Msomaji alitafutwa kwa ajili ya imani, utawala au elimu, na gharama zilibebwa na aliyemtafuta. Kwa sababu hiyo ushahidi wetu kuhusu wasomaji wa wakati huo haupatikani katika daftari za mauzo bali katika barua na mashairi yao. Mshairi wa mji mmoja alipomjibu mwenziwe wa mji mwingine katika kurasa za Mambo Leo, gazeti ambalo Shaaban Robert naye aliliandikia, tunajua kwa hakika kwamba nakala ilifika, ilisomwa, ikafikiriwa na ikajibiwa. Ni vigumu kupata kipimo bora kuliko hicho cha usomaji, ingawa hakuna mwenye tangazo ambaye angekubali kulipa kwa kukitegemea.

Gazeti lililojaribu kuishi kwa soko ni Ngurumo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1959 chini ya mmiliki binafsi. Lugha yake ilikuwa ya mitaani, yenye mzaha na ukali, na umaarufu wake mjini katika miaka ya 1960 hauna ubishi. Lilikoma mwaka 1976. Sababu hazikuwa moja, lakini mazingira yanaeleza mengi: baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 njia kuu za uchumi zilikuwa mikononi mwa umma, na shirika la umma lisilo na mshindani lina haja ndogo ya kumbembeleza mteja kwa tangazo. Wakati huohuo Uhuru, lililoanza mwaka 1961, lilikuwa na chama nyuma yake. Kwa maoni yetu, kisa cha Ngurumo kinaonyesha kuwa gazeti linaweza kupendwa na wasomaji likakosa wenye matangazo, na kupendwa huko kusilisaidie.

Tukirudi kwenye nakala, usomaji wa Kiswahili tangu zamani umekuwa wa pamoja. Nakala moja husomwa kwa sauti barazani, hukaa siku nzima kwa kinyozi, hupita ofisini mkono kwa mkono, kisha hufungia maandazi. Mijini hukutwa watu wamesimama mbele ya meza ya muuza magazeti wakisoma vichwa vya habari na kubishana, bila hata mmoja wao kununua. Vituo vya redio na televisheni navyo husoma kurasa za mbele kila asubuhi, hivi kwamba mtu asiyejua kusoma kabisa anaweza kueleza gazeti fulani limeandika nini. Je, huyu ni msomaji? Kwa mwanaisimujamii jibu ni ndiyo, au karibu na ndiyo. Kwa mwenye tangazo jibu ni hapana, maana tangazo lililo ukurasa wa tano halikusomwa redioni.

Hali ya Kenya inaongeza jambo jingine, nalo ni lugha. Taifa Leo na Daily Nation ni magazeti ya kampuni moja, nayo yote mawili yalianza kutolewa kila siku mwaka 1960. Pamoja na undugu huo, kurasa za matangazo hazifanani hata kidogo. Mfano ulio wazi ni tanzia. Familia ya Kenya yenye uwezo inapofiwa, picha ya marehemu pamoja na orodha ndefu ya watoto, wajukuu na mahali wanapofanya kazi huwekwa katika gazeti la Kiingereza, hata pale ambapo waombolezaji wengi huzungumza Kiswahili au lugha ya nyumbani. Tanzia hiyo haitoi taarifa ya msiba pekee. Inatangaza hadhi pia. Mwenye tangazo la biashara hufuata mantiki hiyohiyo. Humchukulia msomaji wa Kiswahili kuwa maskini, hupeleka fedha zake kwenye Kiingereza, na gazeti la Kiswahili hubaki na kurasa chache na waandishi wachache, jambo ambalo baadaye hutumiwa kama ushahidi kwamba gazeti hilo ni la maskini. Mzunguko huu haukuumbwa na soko pekee. Ni matokeo ya sera za lugha katika shule na ofisi.

4.0 Mbofyaji

Mtandao ulikuja na ahadi ya kuumaliza ubishi wa hesabu. Kila ukurasa uliofunguliwa huandikwa, kila tangazo lililobofywa huandikwa. Hapakuwa na haja tena ya kukadiria. Yaliyotokea Marekani yanafahamika: kwa makadirio ya kituo cha utafiti cha Pew, mapato ya matangazo ya magazeti yaliyokuwa dola bilioni 49 hivi mwaka 2005 yalikuwa yameshuka chini ya dola bilioni 10 mwaka 2020, na katika mwaka huo wa 2020 mapato kutokana na wasomaji yaliyapita yale ya matangazo kwa mara ya kwanza. Wasomaji hawakutoweka. Fedha ndizo zilizohamia kwa kampuni kama Google na Facebook, ambazo haziandiki habari lakini zinamjua mbofyaji kwa undani kuliko gazeti linavyomjua.

Je, hesabu ya mtandaoni ni sahihi zaidi? Tunaona kuwa ni kamili zaidi kwa kitu kimoja na pofu kwa vingine. Inahesabu vifaa, haihesabu watu. Simu moja inayopitishwa mezani ili kila mtu aone habari huhesabiwa mara moja. Picha ya ukurasa wa mbele inayosambazwa katika makundi ya WhatsApp haihesabiwi na gazeti hata mara moja, ingawa huenda ndiyo njia inayowafikia watu wengi zaidi. Kwa namna hiyo baraza limehamia ndani ya simu, na desturi ya nakala moja kwa macho mengi imeendelea, ila safari hii bila kinyozi hata mmoja aliyenunua nakala.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye malipo. Msomaji wa mtandaoni hasomi bure kama inavyodaiwa mara kwa mara. Hununua bando. Fedha aliyokuwa akimpa muuza magazeti sasa humpa mwenye kampuni ya simu, na gazeti halipati hata senti moja ya bando hilo. Kampuni hizohizo za simu, tangu huduma za kutuma fedha kama M-Pesa zilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zimekuwa miongoni mwa wenye matangazo wakubwa. Gazeti limejikuta likimtegemea kwa tangazo yule anayepokea malipo ya msomaji wake.

Kuweka kizuizi cha malipo ni jibu mojawapo. Nation Media Group ilifanya hivyo katika tovuti yake ya Kiingereza mwaka 2021. Kwa Kiswahili njia hiyo ni nyembamba, kwa kuwa msomaji aliyezoea kupokea ukurasa kwa rafiki ataendelea kuupokea kwa rafiki.

5.0 Tangazo la serikali

Katika nchi zetu mwenye tangazo mkubwa ni serikali. Zabuni, nafasi za kazi, minada na salamu za sikukuu zimejaza kurasa nyingi. Mwaka 2015 Kenya iliyaweka matangazo ya wizara na mashirika chini ya wakala mmoja, na mengi yakaanza kutolewa katika toleo la pamoja liitwalo MyGov. Tanzania, mfumo wa ununuzi wa umma uitwao NeST ulianza kutumika mwaka 2023, na mwombaji wa kazi serikalini sasa hupitia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Kwa mzabuni na mwombaji hayo ni maendeleo, maana hahitaji kununua magazeti matano kutafuta tangazo moja. Kwa gazeti ni pengo lisilozibwa na chochote.

Upande wa mtandaoni nao una hatari yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zimeifanya tovuti kuhitaji leseni, na leseni huweza kusimamishwa. Mwananchi ilisimamishiwa leseni yake ya mtandaoni kwa miezi 6 mwaka 2020, na Oktoba 2024 kampuni hiyo ilisimamishiwa tena huduma za mtandaoni kwa siku 30. Nakala za karatasi ziliendelea kutoka. Mwenye tangazo anayepanga bajeti yake hulikumbuka jambo hilo.

6.0 Tatizo la ushahidi

Limebaki jambo linalohusu idara kama zetu moja kwa moja. Tangazo la karatasi huhifadhiwa pamoja na gazeti. Mtafiti akifungua majuzuu ya magazeti ya miaka ya 1960 maktabani, huyakuta matangazo ya sabuni na baiskeli palepale yalipowekwa, kando ya hotuba na mashairi, na anaweza kuchunguza namna Kiswahili kilivyotumiwa kumshawishi mnunuzi. Tangazo la mtandaoni halina mahali. Huchaguliwa na mashine wakati ukurasa unapofunguka, kwa kuzingatia mahali alipo mbofyaji na alivyotafuta jana. Mara nyingi huwa la Kiingereza ingawa habari iliyo juu yake ni ya Kiswahili. Watafiti wawili wakifungua habari moja kwa wakati mmoja, mmoja Mombasa na mwingine Mwanza, huona matangazo tofauti, na kesho yake wote wawili hawataweza kuyapata tena.