Urithi Usioporwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kueleza jambo linaloihusu kila nyumba: mzazi huwaachia watoto wake kitu gani hasa? Wengi wetu hujibu upesi: nyumba ya bati, shamba, ng'ombe, fedha. Hizo ni neema, wala hatuzidharau. Lakini na tuzipime kwa mifano miwili iliyo karibu nasi.

Mfano wa kwanza uko Korogwe, katika mashamba ya mkonge. Zama za ukoloni mashamba hayo yaliwavuta wanaume wengi kutoka nchi za mbali, wakaitwa manamba. Wengi waliwaacha wake na watoto makwao, wakitaraji kurudi na nguo, blanketi na baiskeli. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Baiskeli zile zimekwisha kuliwa na kutu. Na ile miaka ambayo mtoto alijifunza kusema na kutembea baba hayupo, haikurudi. Hatuwalaumu wazee wetu, kwani wengi walisukumwa na kodi na dhiki. Lakini mwenye akili huzingatia.

Mfano wa pili uko Handeni. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya Wazigua. Wengi walitiwa utumwani wakavushwa bahari hadi pwani ya Somalia. Baadaye kundi kubwa lilitoroka, likajenga vijiji kando ya Mto Juba. Watu hao hawakubeba mali yoyote, maana wao wenyewe walifanywa mali ya watu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 150 waliwasemesha watoto wao Kizigua, shambani na jikoni, wakiwasimulia asili yao. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, kidogo walichochuma nacho kiliporwa. Baadhi yao walikimbilia Tanzania, na kuanzia mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Wengi wakaja kupewa uraia. Wakaikuta lugha ya babu zao ingali hai katika nchi ya babu zao, nao wangali wakiisema.

Ndugu zetu, lugha ile haikuhifadhiwa kwa zawadi. Ilihifadhiwa kwa sababu mama alilima na bintiye kando yake, na babu aliketi na wajukuu jioni. Mnyang'anyi huchukua kilichomo ghalani. Kilichomo kifuani hakifikii.

Tuitazame pia Sura ya Luqman. Qurani haikutueleza Luqman alimwachia mwanawe mali kiasi gani. Imetuhifadhia mazungumzo yake naye: asimshirikishe Mwenyezi Mungu, asimamishe Sala, asubiri, asitembee kwa maringo, ashushe sauti yake. Na Mtume wetu (S.A.W.), pamoja na mzigo wa umma, alishughulika na kazi za nyumbani mwake, na alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.).

Asidhani mtu kwamba tunamruhusu baba akae bure. Kuwalisha, kuwavisha na kuwasomesha watoto ni wajibu, na jasho la halali lina thawabu. Tunachokionya ni kudhani kwamba kitu kinaweza kushika nafasi ya mtu. Yuko baba afanyaye kazi Dar es Salaam, ambaye kila mwaka hupeleka nyumbani televisheni au simu mpya, na mwenyewe hafiki. Na yuko aliye nyumbani kila siku, lakini kila mmoja hula peke yake, macho yakiwa kwenye simu. Wawili hawa hasara yao ni moja.

Basi tufanye yaliyo mepesi. Tule pamoja katika sinia moja, walau mara moja kwa siku. Baada ya Magharibi tuketi na watoto, tuwasikilize walichojifunza madrasa na shule, nasi tuwasimulie habari za wazee wao. Twende nao shambani wakati wa palizi, na tuwachukue tunapomzuru jamaa mgonjwa. Na aliye mbali, fedha ya kununulia kitu cha pili cha aina ile ile aifanye nauli ya kurudi kwake. Mambo haya hayamshindi maskini, wala tajiri hana udhuru wa kuyaacha.

Ewe Mola wetu, zibariki nyumba zetu, utupe riziki ya halali, na utujaalie tuwe kitulizo cha macho kwa watoto wetu, nao wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.