Corolla ya Kabureta Kuitia Nozo: Usifungue Bolti Kabla Orodha Haijatimia

Kama umerithishwa Corolla AE91 na mzee, shida zake unazijua. Asubuhi unavuta choki, unasubiri, unaomba dua kidogo. Jua la saa saba likikukuta Mji wa Kale, pale Ndia Kuu njia inapobana, gari linazima. Nyuma kuna mkokoteni, tuktuk na bodaboda, wote honi juu. Dakika haijaisha, kila aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa ameshakuwa fundi: "Toa hiyo kabureta, tia nozo!"

Ushauri si mbaya. Ila vijana wengi wanausikia nusu. Wanadhani nozo ni kitu unanunua vinne, unafunga, unaondoka. Matokeo yake tunayaona mitaani: boneti wazi, kabureta imetolewa, nozo zimekaa kwa mfuko wa plastiki, na paka amezaa juu ya injini. Gari lililokuwa likisumbua sasa halitembei kabisa.

Mimi chuo niliacha, haya ya injini nimeyapata gerejini. Na fundi yeyote anayejiheshimu atakwambia hivi: kusanya kila kitu kwanza, gari likiwa bado linatembea.

Ni kweli unahitaji?

Kabla hujatoa hata mia, safisha kabureta, badilisha plagi na filta, angalia kama kuna mpira unaovuta hewa. Hii kazi ni ndogo sana ukilinganisha na ile unayoifikiria. Gari likipona, pesa umeokoa. Kama kabureta yenyewe imelika na spea zake hazipatikani, haya, tuendelee.

Herufi moja tu

Fungua boneti usome namba ya injini. 5A-F ni ya kabureta. 5A-FE ni ya nozo. Hiyo E ndiyo Toyota wanayoitumia kuonyesha kwamba petroli inaingizwa kwa nozo za kielektroniki. Hizi mbili ni ndugu, zote zina ujazo wa sentimita 1,498.

Sasa raha iko hapa: 5A-FE ndo iliyokuja kwenye AE100 na AE110, zile tunazoziita "mia" na "mia na kumi". Ukitembea Barabara ya Jomo Kenyatta, kutoka Mwembe Tayari kwenda Majengo, ukiuliza spea za Toyota hizo hakuna atakayekushangaa. Lakini jua kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Hakuna "mia" nyingine itakayoshuka Kilindini. Zilizopo ndizo hizo, na kila mwaka zinapungua.

Orodha yenyewe

Iandike kwa simu, uwe unatia alama:

- Nozo 4 na bomba lake, pamoja na kile kifaa cha kudhibiti presha.
- Manifoldi ya kuingiza hewa na throto, sensa yake ikiwa juu.
- Kompyuta, yaani kontroli boksi.
- Waya zote, kuanzia kwa kompyuta hadi kwa nozo ya mwisho.
- Sensa: ya presha ya manifoldi, ya joto la maji, ya joto la hewa, na ya oksijeni kwenye ekzosi.
- Distributa ya 5A-FE. Ile ya kabureta haiwezi kuongea na kompyuta.
- Pampu ya petroli ya umeme, rilei yake, filta, na mipira ya presha kubwa, pamoja na ule wa kurudisha petroli kwenye tangi.

Vitu hivi vyote vitoke kwenye gari moja. Kompyuta ya huku, waya za kule na sensa za mtaa wa tatu ni mwanzo wa kesi isiyoisha. Toyota walibadilisha plagi za waya na manifoldi kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hivyo pima manifoldi na kichwa cha injini yako kabla hujalipa. Matundu yakikataa kulingana, utahitaji na kichwa chake. Ndo maana mafundi wengi watakwambia nunua injini nzima na kila kinachoning'inia juu yake. Ukifanya hivyo namba ya injini itakuwa nyingine, na hiyo lazima uibadilishe NTSA, isije ikakuumbua siku ya kuuza.

Waya zichunguze kwa mkono wako. Zilizokatwa kwa kisu achana nazo, hata akikupunguzia. Hapa kisiwani chumvi iko hewani, kwa hiyo fungua kila plagi uangalie ndani. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, rudisha.

Hapa hakuna mchezo

Pampu ya kabureta inasukuma petroli kwa psi 3 hadi 5 hivi. Kwenye 5A-FE presha ni psi 38 hadi 44. Hiyo inapita hata upepo wa tairi lako. Mpira wa zamani ukipasuka kwa presha hiyo, petroli inarushwa kama dawa ya mbu, na ekzosi ya moto iko hapo karibu. Hapo gari linaungua na wewe ndani.

Kwa hivyo mipira iwe ya presha kubwa, mipya, na klipu zake. Kuna mafundi wanaounga pampu moja kwa moja kwenye ufunguo kwa sababu ni rahisi. Kataa. Injini ikizima, pampu lazima izime hata kama ufunguo haujageuzwa. Ukigongwa pale Makupa na injini ikazima, hiyo rilei ndiyo itakayozuia petroli isimwagike barabarani. Na mtungi wa kuzimia moto uwe ndani ya gari kabla ya kuliwasha mara ya kwanza.

Ile bei tamu

Broka atakupigia simu usiku: kontroli boksi, nusu ya bei, njoo na keshi. Jiulize imetoka wapi. Kuna mtu asubuhi hii ameamka Tudor akakuta gari lake haliwaki. Sheria ya Kenya, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, inampa mtu anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14 jela. Dai risiti yenye jina la duka na namba ya simu. Anayekataa kuandika amekujibu tayari.

Mwisho, tafuta fundi wa waya kabla ya fundi wa injini. Kufunga bolti wengi wanajua, kusoma mchoro wa waya ni wachache. Mwonyeshe orodha yako. Akikwambia kitu kimoja hakipo, nenda ukakitafute, na kabureta ya mzee iendelee kukupeleka kazini mpaka siku hiyo.