Lubumbashi: Mbele ya kutoa avansi ya plakari, pima ukuta mara tatu

Ndani ya nyumba mingi za Lubumbashi, chumba ni kidogo na vitu ni vingi. Vikwembe, nguo za kanisa, uniforme za watoto na mablanketi vinalala ndani ya valizi ao juu ya kiti. Familia inaweka franka pole pole, kisha inaenda kwa seremala kuomba plakari ya kuenea ukuta mzima.

Hapo ndipo hasara inaweza kuanzia. Mwenye nyumba anatoa kipimo kimoja tu, mara ingine alipima kwa shubiri. Seremala anakata mbao. Siku ya kuleta, plakari inakataa kuingia. Mbao yenye imekwisha kukatwa fupi hairudi kuwa ndefu, na avansi imekwisha kulika.

Ukuta hauko wa kunyooka

Kuko nyumba za wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville, mbele ya 1966. Kuko za kampi za Gécamines, zenye wenyewe waliongeza vyumba nyuma. Na kule Katuba, Kenya ao Ruashi, kuko za matofali ya kuchoma zenye zilijengwa kidogo kidogo, kadiri franka zilipatikana. Ndani ya zote, simenti ya ukuta inaweza kuwa nene chini na nyembamba juu.

Ndiyo maana upana unapimwa mara tatu: chini, katikati na juu. Tuseme chini ni sentimetre 183, katikati 181, juu 180. Unafuata kile kidogo, 180, kisha unatosha moja ao mbili ili plakari ipite. Nafasi yenye kubaki pembeni, seremala ataifunika na ubao mwembamba. Urefu nao unapimwa vilevile: kushoto, katikati na kulia.

Kwa kujua kama kona iko sawa, weka alama kwenye sentimetre 60 kwa ukuta mmoja na 80 kwa ukuta wa pili, kuanzia konani. Kati ya alama hizo mbili inapashwa kuwa 100 kamili. Kama si 100, kona imepinda, umwambie seremala.

Plafon inadanganya

Watu wengi wanafikiri kama plafon iko kwenye 245, plakari ya 240 itaingia. Haiingii, kama inafungwa ikiwa imelala chini kisha inasimamishwa. Wakati wa kuinuka, kona yake inapita juu zaidi: plakari ya 240 yenye kina cha 60 inaomba karibu 247 na nusu. Kwa plafon ya 245, uagize 235, ao muelewane kama itafungwa ikiwa imesimama.

Upime pia mlango wa nyumba, koridoo na mlango wa chumba. Plakari ya mita mbili haipindi kona. Inafaa ije vipande vipande.

Kina cha 60 kina sababu

Sintre ya nguo iko na upana wa karibu sentimetre 45, na mikono ya koti inapita pale. Ndiyo maana kina cha plakari ni karibu 60. Kuko sababu ya pili, ya franka: karatasi ya tripleksi ao ya MDF iko kawaida na 244 kwa 122. Ukiipasua katikati, unapata vipande viwili vya 60. Ukiomba kina cha 65, kipande cha pili kinabaki kidogo, na pengine unanunua karatasi ingine.

Ndani, pima nguo zenyewe. Robe ndefu inaomba karibu 150 za kuning'inia. Shati inatosheka na 100. Etajere ya vikwembe isipite 80 ya upana bila nguzo katikati, juu itapinda.

Angalia tena prizi ya umeme, dirisha, na upande mlango wa chumba unafungukia. Na kwa kuwa mvua inanyesha tangu Novemba hata Aprili, usibandike mgongo wa plakari kwa ukuta wenye kulowana. Acha sentimetre 5 za kupitisha hewa, na miguu ya 10 chini: hivi utaona mchwa mapema.

Andika yote

Chora ukuta kwenye karatasi, hata kama hujui kuchora vizuri. Andika kila kipimo, aina ya mbao, bei, avansi na siku ya kuleta. Wewe na seremala mutie sahihi, kila mtu abaki na karatasi yake.

Jambo la mwisho lina uzito kupita yote: omba seremala aje mwenyewe kupima, na muandike ya kama kipimo chake ndicho kitafuatwa. Plakari ikikataa kuingia, itajulikana kosa ni la nani. Bila karatasi, kila mtu atasema lake, na mwenye alitoa avansi ndiye atapoteza.