Meza moja, sarafu mbili: kula nje na marafiki Osukuru

Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Busia au Malaba alikula akiwa amesimama. Chapati mkono mmoja, simu mkono wa pili, jicho kwenye mzigo. Chakula kilihesabiwa pamoja na nauli ya boda boda na malipo ya wapakiaji: kitu cha kumalizwa haraka, kwa bei ya chini iwezekanavyo. Sasa mtindo mwingine unaingia. Wenzao wanaofanya biashara pamoja, mmoja wa Bungoma, mwingine wa Tororo, wa tatu wa Busia, wanapanga siku, wanafunga mapema na kwenda kuketi katika hoteli mpya yenye viti vya mito, taa za rangi na orodha ya vyakula yenye picha.

Osukuru ni mahali pazuri pa kuutazama mtindo huu. Eneo hilo liko kusini mwa mji wa Tororo, chini ya vilima vya Sukulu, na utajiri wake umo ndani ya mawe. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha mbolea kilitumia fosfeti ya vilima hivyo, kisha kazi ikafa. Mwaka 2018 Rais Yoweri Museveni alizindua kiwanda kipya cha mbolea kilichojengwa na kampuni ya Kichina ya Guangzhou Dongsong. Ardhi ilichukuliwa, familia zikahama, na wageni wenye mshahara wa mwisho wa mwezi wakaingia. Penye mshahara hapakosi mpishi. Na kwa kuwa Malaba haiko mbali, mpishi huyo anapika pia kwa ajili ya watu wa mpakani.

Tatizo la kwanza huanza kabla sahani haijafika, nalo ni la lugha. Mkenya huagiza kwa kutaja vitu viwili: ugali nyama, ugali samaki, chapati maharagwe. Katika hoteli nyingi za Uganda mteja huulizwa mchuzi tu, nyama, kuku, karanga au samaki, kwa maana bei iko hapo. Matoke, wali, posho, viazi vitamu na ugali wa wimbi huja pamoja kwenye sahani moja, kila kimoja kidogo. Mgeni asiyejua hutaja ugali na nyama, akaletewa mlima wa vyakula vinne, akadhani ameandikiwa vitu ambavyo hakuagiza. Posho ni ule ule ugali wa mahindi. Mukene ni omena, na Mtanzania akiwepo atasema ni dagaa. Muchomo ni nyama choma. Chai ya Mkenya ina maziwa bila kuuliza. Ya Uganda ni vizuri kutaja.

Jambo la kuchekesha ni kwamba orodha yenyewe huwa imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali meza nzima inaagiza kwa Kiswahili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa mwaka 2021, na baraza la mawaziri la Uganda likafuata mwaka 2022. Mwenye hoteli anayetaka fedha za Bungoma na Eldoret angefanya vyema kuiandika upya karatasi hiyo. Gharama yake ni ya kupiga chapa tu.

Vyakula vya wenyeji havipotei kwa sababu ya taa za rangi. Ugali wa wimbi, ambao Wateso huuita atap na Wapadhola kwon, bado ndio unaoulizwa na wazee, na nyama iliyokaushwa moshini ikapikwa kwa karanga zilizosagwa bado hushinda kuku wa mafuta. Hoteli inayojua kazi yake huweka pia magira, kunde zilizokobolewa na kupondwa, chakula cha Wapadhola ambacho mgeni akikionja mara moja hukiuliza tena. Zile zinazoficha vyakula hivi na kubakiza chipsi na soseji zinajinyima. Chipsi ziko kila mahali kutoka Mombasa hadi Kampala.

Ila meza ya wafanyabiashara haiji kula tu. Wakati chakula kinasubiriwa, na katika hoteli mpya husubiriwa sana, ndipo mizigo ya juma linalofuata hugawanywa. Nani ana gunia la mahindi, nani ana nafasi kwenye lori, nani atatoa fedha kwanza. Hapo ndipo pia ushauri mbaya hutolewa kwa sauti ya kirafiki. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kupata cheti rahisi cha asili pale pale mpakani na kutolipa ushuru wa forodha. Basi rafiki mmoja husema: mzigo wako wa dola 5,000 tuugawe kwa majina matatu. Kwenye meza inasikika kama akili. Mbele ya afisa wa forodha, magunia yenye alama moja na lori moja yanajieleza yenyewe, na nafuu hiyo huanguka. Anayepoteza ni yule aliyetoa fedha. Aliyetoa ushauri alikula na kwenda.

Na hata mahindi yanayoliwa mezani yana historia. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili, na uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Malori yaliyokuwa njiani wakati ule hayakusubiri siasa; nafaka ililowa, wanunuzi wakashusha bei. Wengi waliookoka walikuwa na mtu upande wa pili wa kuwaambia mapema, na mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kupiga simu siku ya shida. Hupatikana kwenye meza kama hizi, miezi mingi kabla.

Kisha bili inakuja, na urafiki unapimwa.

Tuseme watu sita wamekula kwa shilingi 84,000 za Uganda. Tuseme pia kwamba siku hiyo mpakani shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 28 za Uganda. Bili hiyo ni shilingi 3,000 za Kenya kamili. Lakini mhudumu anasema hoteli yao inapokea Kenya kwa 25. Sasa ni 3,360. Zile 360 haziandikwi popote. Zimepotea kati ya midomo miwili, na mara nyingi mwenye kualika huona aibu kubishana mbele ya wageni wake. Mfanyabiashara anayepigania shilingi mbili kwenye kilo ya maharagwe hunyamaza hapa. Hana sababu ya kunyamaza. Swali la kuuliza wakati wa kuketi, kabla ya soda ya kwanza, ni moja: “Dada, Kenya mnapokea kwa ngapi leo?” Jibu likiwa baya, mmoja wa meza akabadilishe kwa wabadilishaji anaowajua, au yule mwenye laini ya Uganda alipe kwa simu na wenzake wamrudishie kwa bei ya siku.

Swali la pili ni kodi. Uganda kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, Kenya 16. Kibanda cha kando ya barabara hakimo katika hesabu hizo, lakini hoteli kubwa iliyosajiliwa imo, na bei iliyo chini ya picha inaweza kuwa kabla au baada ya kodi. Anayetaka kuandika chakula cha wateja katika hesabu za biashara yake aombe risiti ya mfumo wa mamlaka ya mapato, siyo kikaratasi cha kalamu.

Nani alipe? Desturi ya upande huu inasema mwenyeji. Akivuka Mkenya kuja Tororo, Mganda atoe. Juma lingine Busia ya Kenya, zamu igeuke. Desturi hii ni nzuri mpaka mmoja awe anavuka kila juma na mwingine mara moja kwa mwezi. Akina mama wengi wamepata njia iliyo safi zaidi: wanaweka kidogo kidogo katika chama, na siku ya kula chama ndicho kinacholipa. Hakuna anayeomba radhi, hakuna anayejigamba. Na hakuna anayelala akihesabu deni la kuku.

Baada ya chakula, baadhi ya meza huhamia kwenye chungu. Tororo pombe ya wimbi huitwa malwa, au ajono kwa Wateso, na ng'ambo ya Kenya jina linalosikika zaidi ni busaa, ingawa si kitu kile kile. Chungu huwekwa katikati, maji moto huongezwa, na kila mtu huvuta kwa mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Hoteli mpya zimeiweka desturi hii chini ya paa la kisasa, lakini sheria zake ni za kale: mrija hushikwa kwa mkono wa kulia, hupulizi mapovu ndani ya chungu, na mkwe hanywi chungu kimoja na mama mkwe wake. Ukiketi na wazee, subiri uonyeshwe mahali pako. Wakati wa korona chungu kilikuwa kitu cha kwanza kuogopwa, na baa za Uganda hazikufunguliwa rasmi hadi Januari 2022. Wapo waliorudi na mirija yao wenyewe ndani ya mfuko, na mpaka leo hawaachi.

Bei ya chungu haimo kwenye ile karatasi yenye picha. Mama anayekorogea hujua nani amelipa na nani bado, na kila maji moto yanapoongezwa huitazama meza mara moja. Anayetaka kuvuka Malaba na mzigo asubuhi huondoka kwenye maji ya pili.