Chuo si Kuta: Niliyoyaona Kitale na Bungoma

Kwetu Pwani neno "chuo" lina umri mkubwa kuliko majengo. Chuo kwanza ni kitabu. Kisha ni pale mtoto anapokaa juu ya mkeka, ubao mapajani, akasomeshwa na mwalimu ambaye nyumba yake iko mtaa ule ule. Mpita njia alizisikia alifu na bee zetu. Mama aliyekuwa akichoma mahamri nyumba ya pili alijua sauti ya nani imekosea. Chuo hicho hakikuwa na lango, na kwa hiyo hapakuwa na aliyeuliza kama ni cha mtaa au si cha mtaa.

Hayo niliyakumbuka mbali na bahari, mjini Kitale, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa na karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya alfajiri ya huko humfunza mtu wa kikoi adabu. Nilikwenda kutazama jambo moja tu: chuo kikishajengwa, elimu yake hutoka vipi nje ya ua?

Ndugu msomaji, Kitale ni mji wa mahindi. Kampuni ya Kenya Seed iliundwa hapo mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya H611, kazi ya kituo cha utafiti cha Kitale, ikaanza kuwafikia wakulima. Mbegu hiyo ilijaza maghala. Lakini ina masharti yake: hununuliwa upya kila msimu, na hutaka mbolea ya dukani. Mwenye mashamba mapana huyamudu. Aliyerithi kipande kilichokwisha gawanywa kwa ndugu watano, afanye nini?

KUCHIMBA KAMA KABURI

Swali hilo ndilo walilolishika watu wa Kituo cha Kilimo cha Manor House, nje kidogo ya mji. Kilianzishwa mwaka 1984, wakati ukame umeibana Kenya, katika majengo yaliyokuwa shule ya bweni ya watoto wa kizungu zama za ukoloni. Mahali palipojengwa kwa ajili ya wachache pakageuzwa pa kuwafundisha vijana wa vijijini na wakulima wenyewe.

Ufundi uliofundishwa hapo ulihusiana na kazi ya John Jeavons wa California, Marekani, lakini mkulima wa kwetu hauoni kuwa mgeni sana. Udongo wa juu hutolewa kando, ule wa chini hulegezwa, hata kina kifike kama futi 2. Kisha udongo hurudishwa pamoja na mboji iliyotengenezwa kwa majani, mabua na samadi. Mimea hupandwa karibu karibu, majani yake yakaufunika udongo usikauke. Mbegu huwekwa akiba na mkulima mwenyewe, na mboga za kienyeji kama mnavu na kunde hupewa heshima yake.

Kazi ni nzito, tusidanganyane. Siku ya kwanza ya kuchimba hivyo, mgongo hulalamika. Wapo wanaojaribu tuta moja wakaacha. Faida yake ni kuwa tuta likishachimbwa vizuri halihitaji kuchimbwa kwa kina hicho kila msimu, na kipande kidogo hulisha nyumba.

Nikashika njia ya kuteremka Bungoma, kupitia Kiminini. Upande wa Kamukuywa nilikaribishwa na mama mmoja mjane, mwenye shamba lisilofika ekari moja. Mwanawe alisoma Kitale miaka miwili, na ng'ombe wa mwisho aliuzwa kwa ajili ya karo yake.

"Aliporudi, baba, nilitazamia atafute kazi ya ofisi," alinisimulia. "Yeye akashika jembe akachimba nyuma ya nyumba. Shimo refu, jembamba. Jirani akaja mbio akauliza, 'Mama, nani amefariki?' Nilitamani kuingia humo mwenyewe kwa haya."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha akanionyesha matuta. Ilikuwa Februari, mwezi ambao nyasi za huko huwa rangi ya mkeka mkuukuu, na sukumawiki yake ilikuwa bado ina maji ya kijani. Jirani yule yule, aliyekuja kuuliza maiti, sasa ana matuta yake manne.

"Karatasi ya chuo iko sandukuni," alisema mama. "Hapa hatuli karatasi."

MAONYESHO UANI

Siku ya wakulima niliyoihudhuria haikufanywa katika ukumbi. Ilifanywa uani kwa mkulima, chini ya mwembe, viti vimeazimwa kanisani na nyumba za jirani. Hotuba zilikuwa fupi. Vijana walicheza mchezo juu ya mume anayeuza mahindi yote Oktoba, akaja kuyanunua tena Mei kwa bei maradufu. Wanaume walicheka kidogo, wanawake wakacheka sana. Baada ya hapo kila mtu aliingiza mkono katika lundo la mboji apime joto lake. Hapo nilimwona mzee asiyejua kusoma akimsahihisha mwanafunzi juu ya mti ambao majani yake huoza upesi, na mwanafunzi akaandika. Hiyo, kwangu mimi, ndiyo ilikuwa shahada ya siku ile.

Elimu ya namna hiyo haikai mahali pamoja. Samuel Nderitu, aliyesomea Manor House, na mkewe Peris walianzisha kituo chao karibu na Thika, kiitwacho G-BIACK, wakawafunza wakulima wengine.

Bungoma nako kuna chuo cha Sang'alo, kilichozaliwa katika wimbi la harambee la miaka ya 1970, wakati wananchi wa kila pembe ya Kenya walipochangishana kujenga vyuo vya ufundi. Tanzania nayo, kuanzia 1975, ilifungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa Waskandinavia. Wadenmark walikuwa wamefungua chuo cha watu wa mashamba tangu 1844. Wazo ni lile lile: mtu mzima asiondolewe kwao ili aelimike.

Na sisi? Pwani hatukuanza jana. Chuo cha MIOME cha Mombasa kilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa michango, ikiwemo ya Sultani wa Unguja, Aga Khan na Mabohora, ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Kilikuja kuwa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Tuna haki ya kujivunia. Lakini mvuvi anayetengeneza mashine yake kwa kubahatisha, na mama wa Kisauni anayesuka makuti, wanajua siku gani lango hufunguliwa kwa ajili yao? Wakialikwa, huulizwa wanalolijua wao, au huketishwa nyuma wakasikiliza?

Mzazi aliyetoa kuku au shilingi katika harambee hakununua ukuta. Alinunua siku ambayo elimu ingemrudia mlangoni. Deni hilo halilipwi kwa sherehe ya kuvaa majoho pekee.

Wahenga walisema, elimu bila amali, kama nta bila asali. Yule mama wa Kamukuywa hakunitolea methali. Alinifungia mnavu katika gazeti kuukuu, akaniambia niupike nikifika kwangu, na mbegu zake nisizitupe.