Unataka Samaki wa Kusafisha Mchanga? Cheki Tumbo Lake Kabla Utoe Doh

Tangi la maji ya chumvi likiwa jipya kwa keja, mchanga huwa mweupe unang'aa. Wiki chache baadaye unashika rangi ya kahawia, kama chai ya kibandaski. Hapo ndio msee wa duka anakuuzia story ya samaki mfagiaji.

Shikilia doh kwanza. Hiyo kahawia kwa tangi jipya mara nyingi ni diatomu, mwani mdogo sana, na huwa inajiendea yenyewe. Na tangi jipya ndio mahali mbaya zaidi pa kuweka huyo samaki.

Anayeuzwa sana ni daimondi gobi, Valenciennea puellaris kwa kisayansi: mweupe, madoa ya chungwa. Anajaza mdomo mchanga, anauchambua, halafu unatokea kwa matamvua kama unga kwa chekeche. Manze, inabamba kuangalia. Lakini huyo hafagii. Anasaka dishi, yaani minyoo na vidudu vinavyoishi mchangani. Usafi unaupata tu kwa bahati yako.

Sasa noma iko hivi. Tangi dogo ama jipya halina vidudu vya kumtosha. Akivimaliza, bado anaendelea kuchuja mchanga mtupu. Unamwona amejituma kutwa nzima, unadhani yuko fiti, kumbe amesota. Anakonda mdogo mdogo hadi anadedi, na wewe unasema ni ugonjwa. Ilikuwa njaa.

Kwa hivyo swali la kwanza ni kama utamlisha. Vikamba vidogo vya kugandishwa, mara mbili ama tatu kwa siku, vizame hadi chini. Tangi liwe limekaa miezi kadhaa, na lita 200 hivi kwenda juu, juu anaweza kufika sentimita 15. Ukiwa dukani, cheki tumbo. Likiwa limeingia ndani, achana naye hata ukipewa bei ya beshte. Likiwa sawa, ambia muuzaji amrushie chakula mbele yako. Asipomanga hapo, usidhani kwako atamanga.

Mchanga uwe laini kama sukari, kina sentimita 5 hivi. Ule wa vipande vikali unaweza kumkata mdomo na matamvua. Mawe yakalie kioo cha chini kabisa, mchanga umwagwe baadaye, maana huyu jamaa anachimba na jiwe likibingirika kioo kinaweza kupasuka. Funika juu na wavu pia. Gobi huruka, utampata sakafuni asubuhi amekauka kama omena.

Kuna ndugu yake wa kichwa cha njano, Valenciennea strigata, ambaye anaishi hadi Pwani yetu. Handsome sana, lakini anapanda juu na mchanga mdomoni akiutema kama mvua. Kama una matumbawe chini, yatazikwa.

Tangi dogo? Tafuta gobi wa njano, Cryptocentrus cinctus, sentimita 10 hivi. Hachuji sana, lakini anaishi shimo moja na kamba mdogo anayelipua kucha kama bastola. Kamba haoni vizuri, kwa hivyo anachimba huku kipapasio kikigusa samaki. Adui akitokea, samaki anatikisa mkia na wote wanaingia ndani. Hiyo ni mbogi ya ukweli.

Mkundaji pia huchimbua mchanga na ndevu zake, lakini wengine hupita sentimita 50. Huyo mwache kwa sufuria.

Na usijaribu kujichotea wako Watamu ama Kisite. Hizo ni mbuga za baharini, KWS watakushika, na hata nje ya mbuga kuvua samaki wa mapambo wa kuuza kunahitaji leseni.

Kama ratiba yako haikubali kulisha mara mbili kwa siku, chukua konokono wa Nassarius. Wanajizika mchangani, wakisikia harufu ya dishi wanafufuka wote pamoja kama zombi, na mabaki yanaisha.